Kijana kachora ukuta wa nyumba ya wakfu: msamaha wa mpangaji unatosha?

SUALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mkaazi wa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja. Mwanangu wa miaka 17 na wenzake wawili wameonekana usiku wakipuliza rangi kwenye ukuta wa nyumba ya wakfu (iliyotolewa daima kwa ajili ya Mwenyezi Mungu) iliyo jirani yetu. Wameandika lakabu zao kwa herufi kubwa, na pembeni "Subhanallah" kwa khati ya mapambo. Mpangaji wa nyumba ile ameshasema kawasamehe. Baba yake kijana anataka tupake rangi nyeupe juu yake yaishe. Kijana mwenyewe anasema kuchora si haramu, mbona hata msikiti wa Kizimkazi umeandikwa ukutani? Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakaatuh.

Nianze na kijana, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Kuchora herufi, ua au mashua hakuna ubaya wenyewe. Ibn Abbas (r.a.) alimwambia mchoraji aliyemjia kuuliza kwamba kama hana budi, basi achore miti na visivyo na roho. Kilichoharibu hapa ni kwamba ukuta si wake. Mtume (s.a.w.) katika Hija ya kuaga alisema damu zetu, mali zetu na heshima zetu ni haramu baina yetu, na ukuta ni mali. Awe ametumia mkaa, msumari au kopo la rangi, hukumu haibadiliki.

Ama Kizimkazi, maandishi yale ya kufi (khati ya kale ya Kiarabu) ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, yamechongwa ndani ya msikiti kwa ajili ya msikiti. Hakuna aliyemvizia mwenziwe usiku. Na pamoja na hayo, Imam Nawawi anasema katika madhehebu yetu ya Shafii ni makuruhu, yaani haipendezi, kunakshi kuta kwa Qur'ani na majina ya Mwenyezi Mungu. Ikiwa hivyo ndivyo kwa ukuta wako mwenyewe, seuze ukuta wa uchochoroni, unaorukiwa na maji machafu na kuegemezwa mifuko ya taka! Na asitaraji thawabu za dhikri kwa mali ya watu: Mwenyezi Mungu ni mwema, hapokei ila kilicho chema.

Sasa huo msamaha, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mpangaji amesamehe kisichokuwa chake. Nyumba ya mtu binafsi, mwenyewe akisema "nimesamehe", deni limeanguka. Nyumba ya wakfu imeshatoka katika milki ya watu. Manufaa yake yana wenyewe waliotajwa na aliyeiweka wakfu, na huenda baadhi yao hawajazaliwa bado. Hata Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana ni msimamizi tu, na msimamizi hatoi sadaka kwa mali aliyoaminiwa. Kwa hiyo deni lipo mpaka ukuta urudi ulivyokuwa.

Nani alipe? Kwa Mashafii, aliyetimiza miaka 15 ya Hijria ameshabaleghe, hata kama alama nyengine hazijaonekana. Dhamana, yaani wajibu wa kulipa, iko shingoni mwa kijana na wenzake, si kwa baba. Baba akitoa ni hisani yake, ila mimi ningependelea amkopeshe, naye afanye kazi amlipe. Serikali ina hesabu yake: Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inamwita mtoto aliye chini ya miaka 18, basi kesi ikifika huko atashughulikiwa kama mtoto. Lakini kuharibu mali kwa makusudi ni jinai, asidhani ni utani wa barazani.

Hiyo rangi nyeupe, tafadhali mzuieni mzee. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Unyevu huingia na kutoka. Ukizifunga kwa rangi ya mafuta, maji yanabaki ndani, plasta inavimba na kumeguka, na mtakuwa mmeongeza dhara juu ya dhara. Tena eneo lile limo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, na kazi ya kuta zake ina Mamlaka ya Hifadhi ya kuulizwa. Nendeni kwanza Kamisheni, mkiri, kisha muombe muoneshwe fundi anayeijua chokaa. Gharama wagawane vijana watatu.

Kijana atubie, na siku ya kazi awepo mwenyewe. "Subhanallah" ikwanguliwe kwa adabu, mabaki yakusanywe kitambaani yasikanyagwe, yazikwe pahala safi. Zile lakabu zao hazina haja ya kitambaa.

Wallahu a'lam.