Kasuku anajikuna, chumba kikavu: mashine iwe ya mwisho

Mkuu, umesema kipimo chako cha unyevu wa hewa kinaonyesha asilimia 30, kasuku wako wa kijivu anajikuna kutwa nzima, na unauliza ununue mashine gani ya kuongeza unyevu. Nafuga kasuku miaka mingi sasa, na ningekwambia usitoe hela kwanza.

Anza na hicho kipimo, maana vya bei ndogo hudanganya sana. Weka chumvi ya kawaida kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji kidogo iwe tope zito, isiyeyuke yote. Ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa mpaka kesho. Humo unyevu hutulia kwenye asilimia 75. Kikisoma 68, kinakupunja 7, jumlisha kila unaposoma. Kisha kitundike usawa wa kijiti anacholalia. Changu juu ya kabati kilisema jambo moja na pale tunduni jingine, chumba kilekile.

Unachotafuta ni kati ya 40 na 60. Hita ikiwaka namba inashuka, kwa sababu hewa ikipashwa moto bila kuongezewa maji huzidi kukauka, na kiyoyozi nacho hunyonya maji hewani. Tundu lisikae mbele ya kimojawapo.

Halafu mwogeshe. Ndege huyu asili yake ni misitu ya mvua ya Afrika Magharibi na Kati, kulowa ni sehemu ya maisha yake. Wangu nampulizia maji ya vuguvugu kwa chupa ya kunyunyizia, naelekeza juu ili yamshukie kama manyunyu, simlengi usoni. Mwanzoni alikuwa akijibana na kunitazama kwa jicho moja kama nimemtukana. Siku hizi anatanua mabawa, anageuka upande wa pili mwenyewe, na kelele juu. Fanya asubuhi, usiku umkute amekauka. Hata lile vumbi jeupe la manyoya, ambalo hawa wa kijivu wanalo kwa wingi, hupungua mezani.

Bado uko chini ya 40? Sawa, nunua. Zile zinazotoa ukungu wa baridi kwa mtetemo hurusha madini ya maji ya bomba, unakuta unga mweupe kila mahali na ndege anauvuta. Mimi napendelea ya feni na chujio lililolowa. Tangi lioshwe na maji yabadilishwe kila siku, la sivyo ni afadhali ubaki na ukavu wako. Mafuta ya kunukia usitie hata tone. Na hakikisha haina sehemu ya moto yenye utando wa PTFE, ule wa vikaango visivyogandisha chakula; ukipata moto kupita kiasi, hewa yake huua ndege.

Ukizidisha nako ni balaa. Vioo vya dirisha vikianza kutoa jasho, kuvu haipo mbali, na ile aina ya Aspergillus, inayowaumiza ndege mapafu, hupenda mbegu zilizolowa na karatasi mbichi chini ya tundu.

Ila kujikuna si lazima kuwe ukavu. Kasuku anayekula mbegu tupu hukosa vitamini A na ngozi huharibika, na mpweke hujinyonyoa hata chumba kiwe sawa. Ukiona mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi akiwa ametulia, au sauti imebadilika, achana na vipimo, mpeleke kwa daktari wa ndege leo hii.