Vikorokoro vya stesheni ya Bububu: kwa nini vinaonekana vya kuchezea?

SWALI

Assalaam aleikum, fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete. Pamoja na wanafunzi wangu tunajenga mfano wa stesheni ya ile reli ya zamani ya Bububu kule Unguja, juu ya meza ya futi nane kwa nne. Njia ya reli na kichwa cha treni tuliletewa na jamaa aliyeko Uingereza, na kwenye boksi pameandikwa HO, 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Nyumba zimetoka vizuri. Vitu vidogo ndivyo vinavyotushinda. Magunia ya karafuu tumeshona kwa gunia la kweli, banda tumeliezeka makuti ya kweli, mapipa tumetumia vifuniko vya chupa za dawa, na karafuu zilizoanikwa ni karafuu zenyewe tulizozitwanga. Kila anayekuja anatusifu, lakini mimi naona wazi kuwa ni vya kuchezea. Isitoshe, supagluu inaacha weupe kila tunapoitia. Seti za kununua nje hatuzimudu. Tupe njia.

Mwalimu, Wete

JIBU

Waalaikum salaam warahmatullah, Mwalimu. Kazi yangu ni kutengeneza mifano ya majengo kwa ajili ya wasanifu na wenye kutaka kuuza nyumba kabla hazijasimama, na maradhi unayoyaeleza nayaona kila mara. Yanatokana na kutumia kitu cha kweli kuigiza kitu cha kweli. Gunia ukilikata dogo, uzi wake haupungui. Uzi wa katani wa milimita moja na nusu, ukiukuza mara 55 (kwa nini si 87, nitaeleza sasa hivi), ni kamba ya sentimita nane: ya kufungia meli, si ya kusukia gunia. Jicho la mtazamaji halijui hesabu hiyo, lakini linaihisi mara moja. Kwa hiyo acha kuuliza "kitu gani kinafanana na gunia?" Uliza "kitu gani kina unene sawa?"

Lakini kabla ya gunia kuna la boksi. Njia ya HO ina milimita 16.5 baina ya chuma na chuma. Kwa 1:87 hiyo inakuwa sentimita 143.5, ndiyo reli ya kipimo cha kawaida cha Ulaya na Marekani. Reli ya Bububu, ile iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney & Co. na kufunguliwa 1905, ilikuwa nyembamba, futi 3, yaani milimita 914. (Usiichanganye na ile ya Sayyid Barghash ya kwendea Chukwani, hiyo ilitangulia, na baada ya yeye kufariki 1888 iling'olewa.) Gawa 914 kwa 16.5, unapata 55 na kidogo. Njia mliyoletewa ni sahihi kwa Bububu, ila kipimo chenu ni 1:55, si 1:87. Tofauti si ndogo: mtu wa sentimita 170 kwa 1:87 ana milimita 19 na nusu, kwa 1:55 ana 31.

Kama nyumba mmeshazijenga kwa 1:87, msizivunje. Zisogezeni nyuma kabisa ya meza, zitaonekana ziko mbali, na mbele wekeni ukuta mmoja au miwili mipya ya 1:55. Tena reli ile ilipita kwenye njia nyembamba za mjini, ikikaribia kugusa kuta za watu, kwa hiyo ukuta mrefu pembeni ya reli si kosa, ndiyo sura yake. Kichwa cha treni bakini na magurudumu na mota, bodi mjenge upya kwa kadi, kubwa zaidi.

Hesabu ya 1:55 ni nyepesi. Chukua sentimita za kitu halisi, gawa kwa 5.5, jawabu ni milimita za mfano. Waandikie watoto ubaoni.

Sasa tafuteni kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, hata ya plastiki, mpime kila takataka iliyomo nyumbani. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina takriban milimita 0.1, ambayo kwenu ni nusu sentimita ya kweli. Kadi ya manila, kama 0.3, ni sentimita moja na nusu, karibu na ubao mwembamba. Mkigandisha manila moja na karatasi moja mnapata ubao unaokaribia inchi. Kijiti cha kiberiti kina milimita 2, kwa hiyo ni sentimita 11. Hicho msikifanye ubao wala mguu wa benchi, lakini ni boriti nzuri sana, unene ni uleule wa boriti za mikoko. Waya laini wa umeme wa 0.75 una nyuzi za shaba za milimita 0.2 ndani yake, na hizo ndizo mikono ya ndoo, bawaba, kulabu na vishikio vya taa. Waya wa ndani ya kebo ya mtandao ni milimita 0.5, unafaa kwa mabomba na nguzo nyembamba za chuma. Chelewa la ufagio ni zuri kwa fito na mipini, na kwa kuwa linakwenda likichongoka, kata kipande kinacholingana na unene unaoutaka.

Magunia, basi. Gunia lililojaa, lenye urefu wa sentimita 90, kwenu ni milimita 16. Chukueni udongo wa mfinyanzi, uchekecheni kwenye kitambaa cha leso kuukuu, ukandeni na gundi nyeupe ya mbao kidogo ili usipasuke ukikauka. Finyangeni vidonge vyote kwa pamoja, halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, vipangeni vikiwa bado vibichi. Gunia la chini linabonyea na kutanuka, la juu linakaa kwenye bonde la mawili ya chini yake, la pembeni linaegemea. Ukiyakausha moja moja kisha ukayapanga, utapata matofali. Gandamiza kila moja na kipande cha soksi ya nailoni ya kike, ile nyembamba, upate alama ndogo sana ya mfumo. Isionekane kwa umbali wa mkono, ionekane ukisogea tu. Vuta pembe mbili za juu kwa sindano zitoke masikio ya kushikia. Mshono wa mdomo ni mstari mmoja uliochorwa kwa ncha ya sindano, na mikato midogo ya mshazari juu yake. Mkiweza, fanyeni gunia moja lililofunguka mdomo, karibu na mizani. Karafuu zilikuwa zikipimwa kwa frasila, ratili 35, kama kilo 16, na mizani bila ya gunia lililofunguliwa haina kazi pale.

Mapipa yenu ya vifuniko vya dawa yana tatizo jingine, la tarehe. Pipa la chuma lenye mbavu mbili tunalolijua leo lilipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani Desemba 1905, mwaka uleule wa kufunguliwa reli. Kwenye stesheni ya mwaka huo halina nafasi. Badala yake wekeni debe. Mafuta ya taa yalikuwa yakisafirishwa kwa debe mbili ndani ya kasha moja la mbao, na debe tupu halikutupwa: lilichotea maji, lilipimia nafaka, lilifunguliwa na kunyooshwa likawa bati. Hicho ni kikorokoro kimoja kinachoweza kusimama kila pahala kwenye mfano wenu na kisichoshe.

Debe lina takriban sentimita 23.5 kila upande na 35 kwenda juu. Kwenu ni milimita 4.3 kwa 4.3 kwa 6.4. Kata utepe wa karatasi wenye upana wa 6.4, pitisha ncha butu ya sindano kila baada ya 4.3, kunja mara nne na uache kilimi cha kugandisha. Mfuniko uingize ndani kidogo, kiasi cha unene wa karatasi, usiuweke juu. Ule ukingo unaobaki ndio unaolifanya lionekane bati. Mkono ni uzi mmoja wa shaba. Kasha lake ni la milimita 9 kwa 4.7 kwa 6.7, na mbao zake zichoreni kwa kalamu ya risasi ngumu kabla ya kukunja, si baada. Rangi ya fedha inayong'aa msitie. Tieni kijivu, kisha mpake risasi ya penseli kwa kidole kwenye pembe tu.

Mabati ndiyo kazi ninayoipenda, na haina gharama. Wimbi la bati la kawaida ni inchi 3 baina ya mgongo na mgongo, kwenu milimita 1.4. Nenda kwa muuza vifaa ukanunue bolti ndefu ya M10 yenye uzi wa kawaida hadi juu. Uzi wake una hatua ya milimita 1.5, yaani nafasi baina ya mgongo na mgongo. Tofauti hiyo hataiona mtu. Chukua chombo cha foili cha kubebea chakula, kata sehemu ya chini iliyo tambarare, inyooshe kwa mgongo wa kijiko juu ya kioo, kisha iweke juu ya kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu. Bingirisha bolti juu yake kwa kuikandamiza, kichwa cha bolti kikining'inia nje ya meza. Mifereji itatoka iliyonyooka, ila imeinama digrii tatu hivi kwa sababu uzi wa bolti umezunguka kama ngazi. Usikate kufuata ukingo wa foili. Kata kufuata mfereji. Bati la futi 8 ni milimita 44, na upana wake kama 12. Kateni moja moja na kuyapandanisha wimbi moja na nusu, kama aezekavyo fundi, kuanzia chini kwenda juu. Karatasi moja kubwa ya foili iliyofunika paa zima itakusaliti hata ungeipaka rangi vipi. Kutu ianzie kwenye mapandano na kwenye misumari, ishuke chini. Unga wa tofali lililosagwa, ukichanganywa na gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ni kutu bora kuliko rangi yoyote ya kopo.

Kwa makuti, ng'oeni yale ya kweli. Jani la kuti lina upana wa sentimita tatu au nne, kwenu halifiki milimita moja. Bahasha ya khaki, ikatwe vipande virefu, upande mmoja uchanwe kwa mkasi vichane vya nusu milimita, safu juu ya safu, kila safu ikiacha nje milimita 2 au 3. Kijivu zaidi kuliko hudhurungi, maana paa lililopigwa jua na mvua halibaki na rangi ya kuti jipya. Na kama mna minazi, pimeni: mnazi wa mita 20 ni sentimita 36 kwenye meza yenu. Najua utaona ni mrefu mno. Angalau mmoja muuache na urefu wake.

Karafuu mlizotwanga zifagieni leo. Mafuta yake yatatia doa karatasi na kulainisha plastiki itakayogusana nayo. Punje ya karafuu ni kama sentimita moja na nusu, kwenu robo ya milimita, na vumbi la majani ya chai lililopitishwa kwenye kitambaa chepesi lina ukubwa huo na rangi hiyo. Jamvi la mita mbili kwa tatu ni karatasi ya milimita 36 kwa 55. Tandazeni chai nusu yake tu, na nusu nyingine changanyeni na majani makavu ya kijani au nyasi zilizosagwa, kwani karafuu za siku ya kwanza hazijawa kahawia.

Kandili ya kuning'iniza ni milimita 6. Ushanga mmoja wa kioo wa milimita 2, uzi wa shaba uliopitishwa katikati na kukunjwa juu kuwa kishikio, tone la rangi nyeusi chini na juu. Zaidi ya hapo ni kujitesa.

Weupe wa supagluu unatokana na mvuke wa gundi yenyewe. Unapanda, unakutana na unyevu wa hewa, unaganda na kuanguka kama unga pembeni ya kiungo. Visiwani kwetu unyevu hatuukosi, na wakati wa masika ndio kabisa. Tieni kidogo sana, kwa ncha ya sindano na si kwa mdomo wa chupa, na wekeni feni ipulize polepole kwa mbali ili mvuke usitue juu ya kazi. Kitu kikishagandishwa msikifunike kwa kopo wala msikitie kwenye boksi siku hiyo. Karatasi kwa karatasi haihitaji supagluu hata kidogo, gundi ya mbao yatosha. Ibakisheni kwa shaba na ushanga. Kiungo kilichokwisha kuwa cheupe kipakeni vanishi isiyong'aa, mara nyingi hupotea.

Gundi ya unga msitumie, wadudu wataila pamoja na magunia. Na kila kitu cha kadi kipakwe vanishi nyembamba pande zote mbili kabla ya rangi: ukipaka upande mmoja tu, ule wa pili utakunywa unyevu na kadi itapinda kabla mkaguzi wa skuli hajafika.