Unahamia Mombasa? Kabla ya kulipa depositi uliza upepo

Watu wakija Mombasa washaambiwa hewa ya bahari ni safi, basi wanachukua nyumba popote mradi kodi iko sawa na maji yanatoka. Mimi nimekaa Changamwe, nikakaa Mikindani, sahi niko kisiwani upande wa Tudor, na mwanangu ana pumu, kwa hivyo haya mambo nimeyafuatilia sana manake kila tukihama inhela inaisha kwa mwendo tofauti. Ninachowaambia wenzangu ni hiki: usiulize bahari iko karibu kiasi gani, uliza kati yako na bahari kuna nini.

Chukua upepo wa kusi. Inaanza kama Aprili hivi mpaka Septemba, inatoka kusini mashariki, na Juni na Julai inavuma kweli kweli. Ikigonga ufukweni ni safi, hakuna ubishi, mtu wa Nyali analala dirisha wazi raha mustarehe. Lakini ya kuelekea Mikindani na Miritini inapita kwanza bandarini Kilindini kwenye meli, inapita matangi ya mafuta, inapita foleni ya malori ya kontena yanayonguruma hapo bila kuzima injini, halafu ndo inakufikia wewe na mzigo wote huo. Ikifika Desemba kaskazi inageuza mambo, inatoka kaskazini mashariki, kavu, mvua hakuna ya kulaza vumbi, na moshi wa viwanda vya Changamwe unasukumwa upande wa Port Reitz. Yaani nyumba ile ile inaweza kuwa tamu Januari na Julai ikakukohoza, na ajenti atakupeleka siku moja tu, saa sita mchana, saa ambayo kila nyumba ya Mombasa inanukia vizuri.

Hiyo ya saa ni muhimu pengine kuliko msimu. Kuanzia saa nne tano asubuhi nchi kavu inakuwa ishapata joto kuliko maji, upepo wa bahari unaingia, na mpaka jioni moshi haupati nafasi ya kutulia. Jua likizama upepo unalegea. Usiku ardhi inapoa, unaanza umande, yaani upepo wa usiku kutoka bara, mwepesi mno hata pazia hautikisi, na ile hewa baridi inalala chini kabisa moshi unakosa pa kupandia, na hizo ndo saa majirani wanachoma taka, plastiki, pampasi, kila kitu. Alfajiri unaongeza majiko na matatu za kwanza. Kumbe sisi wa kisiwani, wenye kujiona tuna hewa ya bahari, saa hizo tunavuta ya Changamwe. Kwa hivyo ukitaka kuiona nyumba rudi baada ya isha, na uende tena kabla jua halijatoka. Kama wewe ni wa kukimbia, kimbia saa kumi na moja jioni pale Mama Ngina kando ya bahari, usikimbie alfajiri kando ya barabara kuu ya Jomvu ati kuna ubaridi.

Ukishaingia ndani pitisha kidole kwenye wavu wa dirisha. Masizi meusi yanayoganda kama grisi ni ya dizeli, unga wa kijivu wenye kukwaruza ni barabara au saruji, na chumvi nyeupe ni bahari, hiyo itakula tivii yako ila mapafu haiyasumbui hivyo. Sisi tunafunga madirisha ya upande wa barabara usiku, ya upande wa pili tunaacha, manake Februari ukifunga yote utakufa na joto.

Hizi app za hewa zinasaidia kiasi. WHO tangu 2021 inasema chembe ndogo, zile PM2.5, zisipite maikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa siku nzima, lakini vile vipimo vya bei rahisi vinahesabu hata matone ya unyevu kama vumbi, kwa hivyo asubuhi ya masika usishtuke ukiona namba imepaa.

Na masika yenyewe ina ujanja wake. Mvua inaosha hewa ya nje vizuri sana, tatizo linahamia ndani, madirisha yamefungwa, kuta zimeota kuvu, na jiko la mkaa limeingizwa jikoni au, kwa wa chumba kimoja, kando ya kitanda. Liwashie kibarazani chini ya bati mpaka moshi uishe, na hata likishakoleza usidhani liko salama, mkaa mwekundu usiotoa moshi ndo unatoa ile gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Ukimaliza kupika litoe nje na makaa yake, usilale nalo ndani ati linakausha yunifomu za watoto.