Kupanga baiskeli ya changarawe kwa ajili ya matope: nafasi kwanza, kashata baadaye

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Fremu yako inapokea tairi hadi milimita 45, je, uweke hizo 45 mbele na nyuma msimu wa mvua ukianza? Gia ya meno 40 mbele na kaseti (rundo la gia za nyuma) ya meno 11 hadi 42 itatosha? Na kwa nini pedi za breki zinaisha upesi hivyo? Umesema njia yako ina lami kidogo, changarawe ngumu, na vipande virefu vya tope. Naanza na tairi, kwa sababu wengi hukosea hapo, na ukikosea hapo gia na breki nzuri hazitakuokoa.

Usiweke 45 nyuma. Weka 38 au 40 nyuma, na 45 mbele endapo foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ina nafasi ya kutosha.

Baiskeli mara nyingi haikwami topeni kwa kukosa mshiko. Hukwama kwa sababu tope limejaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Pahala pa kwanza pa kujaa ni nyuma ya krenki (mikono ya pedeli), pale paipu mbili za chini zinapokutana na fremu. Pale ni pembamba, na tope likishaanza kushika kila mzunguko wa tairi unaongeza tabaka jingine juu yake. Mbele kwenye foki kwa kawaida kuna upana zaidi, na tairi la mbele ndilo linaloamua kama utakata kona au utalala chini. Kwa hiyo tairi nene na lenye kashata kubwa, yaani vile vipele vinavyotokeza juu ya tairi, linafaa zaidi mbele, wakati nyuma kinachotakiwa ni nafasi.

Kipimo cha kimataifa cha ISO 4210 kinataka angalau milimita 6 kati ya tairi na fremu kwa baiskeli nyingi za matumizi ya kawaida. Mtengenezaji anapoandika "hadi 45", mara nyingi amebakiza nafasi inayokaribia hiyo tu. Milimita 6 zinatosha kwa kokoto na vumbi, lakini udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na nyasi utaziba hapo ndani ya dakika chache. Mimi nataka 8 kama kiwango cha chini na 10 kama inawezekana, kila upande na juu pia.

Usiamini namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi lile lile la 40 likifungwa kwenye rimu yenye upana wa ndani wa milimita 25 linaweza kutoka na 41 au 42, na kashata za pembeni huongeza tena. Jaza upepo, liache usiku mzima, kwa kuwa tairi jipya hutanuka kidogo, ndipo upime. Njia rahisi ni kutumia spana za aleni kama geji: ya milimita 8 ipite kati ya kashata ya pembeni na paipu ya fremu bila kugusa, gurudumu likizungushwa mzunguko kamili. Pima sehemu zote: paipu za chini za nyuma, kiungo cha juu, mabega ya foki, na upande wa ndani wa direila (kifaa kinachohamisha cheni kati ya gia) ya mbele kama unayo.

Kuna wanaoshauri kubadili magurudumu kutoka 700c kwenda 650b. Kipenyo cha rimu kinashuka kutoka milimita 622 hadi 584, kwa hiyo juu ya tairi unapata nafasi. Lakini ukijaza nafasi hiyo kwa tairi la 47 au 50, pembeni umerudi kule kule, na pembeni ndiko tope linakobana. 650b ni nzuri kwa mawe na mashimo. Kwa tope peke yake haina faida hiyo inayosemwa, labda uifunge na tairi la 40, na hapo gurudumu linakuwa dogo na krenki inashuka karibu na ardhi.

Sasa kashata. Ziwe na mwanya. Tairi lenye vipele vilivyosongamana hushika vizuri kwenye changarawe kavu, ila tope likiingia kati ya vipele halitoki, na baada ya mita hamsini unaendesha tairi laini kabisa. Kashata zenye kimo cha milimita 3 hadi 4 na mwanya mpana hutema tope zenyewe gurudumu likizunguka. Gharama yake utaiona kwenye lami: tairi linanguruma, linayumba kidogo konani, na kashata za katikati huisha mapema. Kwa njia yako ningeweka mbele tairi lenye kashata za pembeni zilizosimama hasa, na nyuma la wastani, lenye kashata za katikati zisizo ndefu sana. Nyuma ikiteleza unaweza kuirudisha, lakini mbele ikiteleza mara nyingi umeshaanguka.

Angalia pia aina ya tope lako. Tope jepesi lenye maji mengi juu ya ardhi ngumu hupitika vizuri kwa tairi jembamba, kwa kuwa linakata hadi chini na kupata mshiko. Ndiyo maana mbio za saiklokrosi, zile za baiskeli za kupita mashambani na topeni, ambazo UCI (chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli) huziwekea kikomo cha tairi la milimita 33, bado zinawezekana kwenye mashamba yaliyoloa. Mfinyanzi unaonata kama ugali ni habari nyingine. Ukishashika tairi na kujiviringisha nalo, hakuna kashata wala upana utakaokusaidia. Shuka, beba baiskeli begani, na tembea pembeni kwenye nyasi. Kuisukuma kunajaza fremu haraka kuliko kuiendesha.

Upepo: kwa mtu wa kilo 75 mwenye tairi la 40 la tubulesi (lisilo na tyubu ndani), anza na psi 30 mbele na 33 nyuma siku kavu. Siku ya tope shuka hadi 25 mbele na 28 nyuma. Mbele kwenye 45 unaweza kushuka tena psi 2 au 3. Ukisikia rimu inagonga mawe, au tairi linajikunja unapokata kona kwenye lami, umeshuka mno. Ongeza mbili mbili. Geji nyingi za pampu za chini hukosea kwenye presha ndogo, hivyo geji ndogo ya mkononi inastahili pesa yake. Hapa psi 3 ni tofauti kubwa.

Kama bado unatumia tyubu, huwezi kushuka hivyo. Tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe na kutoboka matundu mawili sambamba. Ongeza psi 6 hadi 8 juu ya namba hizo na ukubali kupoteza mshiko kiasi. Au hamia tubulesi, ambayo kwa matope naona ndiyo badiliko lenye faida kubwa kuliko yote. Safisha rimu kwa spiriti, bandika utepe mpana kuliko upana wa ndani wa rimu kwa milimita 2 au 3, ukianzia upande wa pili wa vali na kuuvuta kwa nguvu, umalizie kwa kupandanisha sentimita 10 hivi. Toboa tundu la vali kwa sindano nene, si kwa kisu, maana mkato wa kisu huendelea kuchanika. Nati ya vali kaza kwa vidole tu, kwa sababu siku ya pancha porini utataka kuifungua bila koleo. Tia dawa ya kuziba pancha mililita 60 hadi 80 kwa kila tairi, na baada ya miezi miwili au mitatu ichungulie, kwani dawa yenye lateksi hukauka, na kwenye joto hukauka mapema zaidi. Bado beba tyubu moja. Kabla ya kuiingiza, pitisha kitambaa ndani ya tairi utoe miiba yote ambayo dawa ilikuwa imeificha.

Gia: 40 mbele na 42 nyuma, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, inakupa karibu kilomita 7.5 kwa saa. Topeni kwenye kilima utakuwa chini ya hapo, utakanyaga kwa mikupuo, na kila mkupuo unavunja mshiko wa tairi la nyuma. Gia nyepesi topeni inakupa mzunguko laini, na mzunguko laini ndio unaoshika ardhi. Kabla ya kununua kaseti kubwa, soma kikomo cha direila yako: Shimano GRX RX812, kwa mfano, imeandikiwa mwisho meno 42. Kwa hiyo njia ya bei nafuu ni kushusha mbele. Sproketi ya 36 badala ya 40 inapunguza mzigo kwa asilimia 10, na cheni utaifupisha jozi moja ya pingili, yaani ya ndani moja na ya nje moja. Utapoteza kasi ya mwisho kwenye lami, na kwa njia uliyoieleza hutaikumbuka.

Ukiwa na sproketi moja mbele, iwe ya meno membamba na mapana yanayopishana, na direila ya nyuma iwe na klachi, kile kinachokaza mkono wake ili cheni isicheze. Hivyo viwili ndivyo vinavyozuia cheni kuruka. Klachi iwashwe kila unapoondoka. Wengi huizima kutoa gurudumu na kuisahau.

Jambo linaloharibu baiskeli nyingi topeni ni nyasi. Nyasi au kijiti kinajizungusha kwenye vigurudumu viwili vya direila, cheni inakaza, mtu anaongeza nguvu mguuni, direila inavutwa ndani ya spoki. Ukisikia mkwaruzo mpya au mguu ukawa mzito ghafla, acha kukanyaga hapo hapo. Shuka, rudisha krenki nyuma kwa mkono, chomoa nyasi. Beba sikio la akiba, kile kipande cha alumini kinachoshikilia direila kwenye fremu. Kimetengenezwa kivunjike chenyewe ili fremu ipone, na kila fremu ina umbo lake, kwa hiyo kitafute kabla hakijavunjika. Chupa ya pili ya maji isiwe ya kunywa: ni ya kumwagia direila, kaseti na breki njiani.

Kuhusu pedi. Ulizonazo bila shaka ni za resini. Zinashika vizuri na hazipigi kelele, lakini maji yenye mchanga huzisaga, na siku moja ndefu ya mvua inaweza kuzimaliza kabisa. Za metali iliyoshindiliwa hudumu zaidi topeni. Zinapiga kelele zikiloa na zinahitaji kuzoeshwa: breki 20 hivi kutoka mwendo wa kasi hadi karibu na kusimama, bila kufunga gurudumu. Kwanza hakikisha diski zako zinazikubali. Diski nyingine zimeandikwa kuwa ni za resini tu, na pedi za metali zitazila. Kwa Shimano, nyama ya pedi ikibaki milimita 0.5 badilisha, na diski ikifika 1.5 kutoka 1.8 ya upya, badilisha pia. Kama breki zako ni za waya na zenye upande mmoja unaosogea, pedi ya ndani haijisogezi yenyewe. Unaisogeza kwa skrubu kadiri inavyoisha. Usipofanya hivyo diski inapindishwa kuifuata na mkono wa breki unafika kwenye usukani.

Madigadi marefu yanapendeza kwenye lami iliyoloa. Topeni ni hatari, hasa la mbele: tope au kijiti kikijaa ndani, gurudumu hufunga na wewe unapita juu ya usukani. Kama lazima uyaweke, acha milimita 15 juu ya tairi na utumie vishikio vinavyoachia vikivutwa. Mimi siku za mfinyanzi hubakiza lile fupi la kiti tu.

Kabla ya msimu, bandika utepe wa plastiki ngumu upande wa ndani wa paipu za chini za nyuma na wa foki. Tairi lililobeba mchanga hula rangi, kisha fremu yenyewe, na kwenye kaboni hilo si suala la urembo.

Kuosha: maji ya mpira wa kawaida na brashi. Mashine ya presha usiielekeze kwenye haba (kitovu cha gurudumu), krenki wala shingo ya usukani, kwa sababu inasukuma mchanga ndani ya beringi. Kausha cheni kwa kitambaa kabla ya kutia mafuta mazito ya mvua, tone moja kwa kila pingili, kisha pangusa ya nje. Cheni ya gia 11 au 12 badilisha ikirefuka asilimia 0.5, la sivyo itaondoka na kaseti. Mwisho chomoa nguzo ya kiti, geuza fremu juu chini, uone maji yanayotoka. Yakitoka mengi, fungua na beringi ya chini ya shingo uipake grisi, maana hiyo ndiyo hushika kutu mapema.