Tangu lini msiba una kiingilio?

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Je, kiingilio cha makumbusho na maeneo ya kale kifutwe kwa Watanzania ili tujenge mazoea ya kuyatembelea?" Nililisoma swali hilo nikiwa kwenye foleni ya benki, nikajikuta nasema "Hapana!" kwa sauti, mpaka mama aliyekuwa mbele yangu akageuka kuniangalia.

Hapana, kwa sababu kiingilio sicho kinachotuzuia. Mtu wa Dar anayetaka kwenda Bagamoyo Jumapili hashindwi na tiketi ya magofu ya Kaole. Bei ya mwananchi ni ndogo, ya mgeni ndiyo inayouma. Kinachomshinda ni nauli ya familia nzima, chakula cha njiani, na ile hofu ya kufika akakuta kufuli. Kufuli nalijua. Kuna jengo moja la kale, sitalitaja, tulilifuata na watoto karibu kilomita 60, tukakuta mlango umefungwa mnyororo na karatasi yenye namba ya simu. Tukapiga, haipatikani. Muuza mihogo wa jirani akatuambia mwenye ufunguo yuko shamba, ila kama tuna haraka tuchungulie dirishani, wengi huchungulia. Tukachungulia. Bure kabisa, Mhariri, hatukutoa hata senti tano, na mpaka leo wanangu wakisikia neno makumbusho huuliza kama kuna dirisha.

Kwa hiyo mimi swali nalisoma hivi: twende na nani? Maana sisi makumbusho ni ya wanafunzi. Basi la shule, sare, madaftari, mwalimu na fimbo yake, "andikeni, andikeni!", soda, nyumbani. Ukimaliza shule umemalizana na makumbusho. Wazee ndio kabisa, hawapelekwi popote isipokuwa hospitali na harusini. Mimi nilimpeleka bibi yangu, mzaa mama. Ngoja niisimulie siku hiyo, nikijaliwa nitarudi kwenye swali.

Ilikuwa Desemba 2017. Sisi ni wa Ilula, wale wa nyanya mnaotuona mkishamaliza kupanda Kitonga. Tulikodi Noah, tukajaa. Ratiba aliipanga shemeji yangu, mtu wa ratiba: asubuhi Lugalo, halafu Kalenga, mchana nyama choma mjini Iringa, jioni Isimila.

Watu wa Dar mkisikia Lugalo mnawaza kambi na hospitali ya jeshi. Lugalo yenyewe iko kwetu, upande wa barabara ya Morogoro, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliuvizia msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski, yule waliyembandika jina la Nyundo, wakaumaliza pamoja naye. Hatukukaa hata robo saa. Mnara tuliosimama mbele yake waliujenga Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Bibi hajui kusoma, akataka nimsomee. Nikamweleza. Akauliza, "Na wa kwetu?" Shemeji akasema jua linapanda, tuondoke.

Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka mjini, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Ndiko lilikokuwa boma la Mkwawa, chifu wa Wahehe, ambalo Wajerumani walilipiga mizinga na kuliteka Oktoba 1894. Mwenyewe akawaponyoka, akawahangaisha porini karibu miaka minne, hadi 19 Julai 1898 alipojipiga risasi wasimkamate hai. Wakamkata kichwa. Habari ya kichwa hicho mnaijua: Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaweka, katika kifungu cha 246, sharti la kuitaka Ujerumani ikitoe. Kikakaa huko zaidi ya miaka 30 mingine, mpaka Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipokwenda mwenyewe Bremen, akakichagua kati ya mafuvu chungu nzima yaliyohifadhiwa kwenye makumbusho ya kule, na Juni 1954 akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa marehemu, pale pale Kalenga.

Bibi alikuwa na miaka kumi siku hiyo ya 1954. Jambo hili sikulijua mpaka tulipokuwa ndani ya gari. Alitoka Ilula kwa miguu na baba yake, siku mbili njiani, wamelala kwa watu, kwenda kuona kichwa cha Mkwawa kikirudi.

"Uliona nini, bibi?"

"Niliona migongo."

Watu walikuwa wengi, yeye mfupi, na begani kwa baba alikuwa amekaa mdogo wake. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, migongo.

Tukafika. Mhifadhi alikuwa kijana mpole, kitabu cha risiti mkononi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Akataja bei, ambayo nawaapia ilikuwa chini ya sahani ya chipsi kuku, nami nikaanza kuhesabu vichwa. Dereva alikuwa ameshasema yeye atabaki na gari. Nilijua anautazama mfuko wangu, nikanyamaza kama sijasikia.

Bibi akauliza, "Hela ya nini?"

"Ya kuingia, bibi."

"Kuingia wapi?"

"Kumwona Mkwawa."

Bibi akatandika kitenge chake chini ya mti, akakaa, akanyoosha miguu. "Tangu lini msiba una kiingilio?"

Nikamwambia nimeshamlipia. Akasema hakuuliza nani amelipa. Shemeji akaanza somo la mapato ya serikali na gharama za uhifadhi, akaeleza vizuri sana, na bibi akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akavua ndala moja akaikung'uta mchanga. Watoto walishaanza kurushiana mawe. Mimi, kusema kweli, nilikuwa naona aibu mbele ya yule kijana, nikiwaza atatuona watu wa kijijini tunaobania hela ndogo.

Lakini yule kijana hakucheka. Alikuja akachuchumaa mbele ya bibi, kitabu cha risiti kikiwa gotini. "Bibi, hata msibani kuna meza ya daftari. Watu wanaandikisha rambirambi."

Bibi akamtazama. Akafikiri. "Hapo sawa," akasema. "Ila rambirambi natoa mwenyewe."

Akafungua fundo kwenye pindo la kanga. Ilitoka noti ya elfu kumi iliyokunjwa mpaka imekuwa kama kidonge, ikachukua muda kunyooka. Kijana akanirudishia hela niliyomlipia bibi, akaandika risiti yake, akampa chenji. Bibi akaitazama ile chenji kama kitu kilichookotwa. "Rambirambi hairudishwi. Mwandike yule kijana wa gari. Na yeye ni mfiwa."

Dereva ni Mbena wa Njombe. Mfiwa wa wapi, Mbena wa watu! Alikuja akifuta mikono kwenye suruali, akapewa risiti yake, na nadhani ndiyo risiti pekee ya siku ile ambayo bado ipo, maana niliiona mwaka uliofuata imechomekwa kwenye kioo cha Noah pamoja na stika ya bima.

Chumba chenyewe ni kidogo. Kuna mikuki, ngao, marungu, na fuvu lenyewe ndani ya kioo. Bibi alivua ndala mlangoni. Kijana akamwambia aingie nazo tu, sakafu ina baridi. Hakujibu. Binti yangu wa miaka saba akavua vyake, kaka yake akafuata, tukavua wote. Shemeji alikuwa na viatu vya kamba, tukamsubiri.

Bibi akasogea mpaka kwenye kioo, akapiga goti kidogo, akasalimia kwa Kihehe, "Kamwene."

Watoto wakaangua kicheko. Bibi hakugeuka. Alibaki hivyo, mikono mbele, kama mtu aliyebisha hodi na anajua mwenyeji yupo. Nikaanza kuhisi joto masikioni. Ndipo nyuma yetu yule kijana akaitikia, taratibu, "Kamwene." Bibi akanyanyuka.

Shemeji hakuweza kujizuia. Akasema wapo wanaodai hakuna uhakika kuwa fuvu hilo ni la Mkwawa kweli, kwamba Twining alipimisha mafuvu, akaangalia lenye tundu la risasi, akaridhika. Ni kweli mashaka hayo yapo, nami nilikuwa nimewahi kuyasikia, ila si mahali pa kuyasemea. Bibi akamuuliza, "Kwa hiyo ni la nani?"

"Haijulikani, mama."

"Ni la mtu?"

"La mtu."

"Aliyechukuliwa huku kwetu?"

"Huenda."

"Sasa unabisha nini?"

Kisha akamgeukia kijana akataka kujua nani hupangusa vumbi, na kwa kitambaa gani. Akajibiwa ni kioo tu kinachopanguswa. Akaridhika. Nje akasimama kwenye makaburi ya Sapi na Adam Sapi, mtoto na mjukuu, hapo hakukaa sana. Nyama choma tuliila saa tisa, imekauka. Isimila bibi hakushuka, alilala garini tukienda kuangalia nguzo za udongo na mashoka ya mawe ambayo wataalamu wanayapa umri wa miaka kama 260,000. Isimila ni pazuri mno, nendeni, sina nafasi ya kuieleza hapa.

Sasa nirudi kwenye swali. Nimesoma nilichoandika na naona kinanisuta. Nilianza kwa kusema kiingilio si tatizo, ni kidogo, na bado ninasema ni kidogo. Lakini bibi hakulalamikia ukubwa wake. Mashoka ya Isimila hayana mtu atakayekuja kuyalilia, tulipe, tena nikiambiwa niongeze nitaongeza. Pale ambapo kuna kichwa cha mtu na wajukuu zake wako hai, wanakuja kwa miguu kutoka vijijini, kuwasimamisha mlangoni na kuwatajia bei kuna ubaya wake, hata ikiwa shilingi mia. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kifutwe. Angalau Kalenga. Angalau kwa wazee. Wekeni daftari na kisanduku, anayetaka aandikishe.

Ila nani atamlipa yule kijana aliyejua kuchuchumaa? Tukifuta bila kupanga, na yeye atakwenda shamba na ufunguo mfukoni, nasi turudi kwenye kuchungulia dirishani. Na nani ataamua mfiwa ni yupi? Mlangoni pale mimi ningemtoa dereva, bibi akamwingiza. Basi tuseme hivi: wazee wasilipe, mimi na shemeji tulipe, na shemeji alipe mara mbili.

Jana nilimpigia bibi kumsomea swali lenu. Ana miaka themanini na kitu, masikio yamepungua, ilibidi nirudie mara tatu. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama yule kijana wa gari alishaoa.

Msomaji wenu,
Morogoro