Mke yuko sait Tandahimba, mume anataka achague kazi au ndoa

"Shangazi shikamoo. Mimi ni baba wa mtoto mmoja wa kike, ana miaka 4, tunaishi Mtwara mjini. Mke wangu ni injinia wa ujenzi, kwa sasa yuko kambini upande wa Tandahimba kwenye mradi wa lami. Anarudi nyumbani kila baada ya wiki mbili, anafika Jumamosi jioni kachoka, ananuka lami, Jumapili saa 10 gari ya sait inampitia. Usiku nikipiga simu mara nyingine hapokei kabisa, asubuhi ananiambia walikuwa wanamwaga zege. Zege gani usiku wa manane shangazi? Na huko wamejaa wanaume watupu. Mimi ni karani chama cha msingi, kipato changu sio kikubwa, yeye pesa anatuma na hata nyumba tumepaua kwa hela yake ila heshima imeshuka, mtaani naitwa mume wa injinia. Nimemwambia aache sait atafute kazi ya ofisini hapa mjini au tuachane, anasema nimvumilie, amebakiza miezi 8 akaombe usajili wa bodi. Mama na dada zangu wote wanasema nina haki. Kwa sasa kuna dada mmoja tu ndo ananielewa na kunifariji. Naomba ushauri, niko njia panda."

Marahaba mwanangu. Pole, kulala peke yako wiki mbili na mtoto anamuulizia mama yake sio kitu kidogo, hilo nakupa. Pole imeishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiisoma natafuta kosa la mkeo silioni.

Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na wewe umevuta kwa nguvu zako zote lakini hata hivo ngozi imebaki upande wa mkeo. Hebu tuangalie ulichoandika kwa mkono wako mwenyewe. Pesa anatuma. Bati za nyumba unayolala ni jasho lake. Kila wiki mbili anarudi kwako, harudi kwao. Asubuhi anakupigia na kukueleza alikuwa wapi. Sijaona tusi alilokutukana, sijaona siku aliyokunyima unyumba, sijaona mtoto aliyetelekezwa. Umeandika tu "heshima imeshuka" na ushahidi ulioleta ni kwamba watu wa mtaani wanakuita mume wa injinia. Sasa mtaa ukikupa jina mkeo anahusika vipi? Siku anamaliza chuo nina hakika ulipiga nae picha kavaa joho ukawatumia ndugu zako wote, siku ile jina injinia lilikuwa tamu.

Halafu unaniuliza zege gani usiku wa manane. Mwanangu, hujawahi kusikia zege halilali? Huo msemo haukuanzia vijiweni, umetoka kwa mafundi. Zege likishachanganywa na maji linaanza kushika ndani ya masaa machache, ukianza kumwaga kwenye kalvati, lile la kupitisha maji chini ya barabara, au nguzo ya daraja unamaliza, maana ukisimama katikati uje uendelee kesho lile jipya halishikani sawasawa na la jana na pale pale ndo ufa utakapoanzia. Na jua letu hili la kusini mchana linalikausha haraka, ndo maana wengi wanaona bora wamwage jioni au usiku kukiwa na ubaridi. Sasa yeye injinia wa pale anatakiwa azihesabu nondo kabla hazijafunikwa, aangalie vijana wasizidishe maji maana fundi akichoka anaongeza maji ili kazi iwe laini, achukue sampuli kwenye vile viboksi vya chuma zikapimwe siku ya 7 na siku ya 28. Hapo simu yako aipokee kwa mkono upi? Akizubaa dakika kumi, mvua ya mwakani inaondoka na kalvati, na kuna siku litaondoka na basi la watu.

Mei 2024 kimbunga Hidaya na zile mvua vilikata barabara pale Somanga kule Kilwa, sisi wa Mtwara na Lindi tukatengana na Dar es Salaam, watu wakalala njiani na watoto na wagonjwa, wengine wakaambiwa wazungukie Songea. Wote tulikuwa tunaomba Mungu mainjinia wasilale. Hatukuuliza wamewaacha wapi waume zao na wake zao. Leo ni mkeo anakesha unamuona muhuni.

Afu nikuulize na wewe karani. Mwezi wa 10 na wa 11 msimu wa korosho ukichanganya, magunia yamejaa chamani, magari yamepanga foleni ghala kuu, wakulima wanasubiri mizani, wewe unarudi nyumbani saa ngapi? Nawajua makarani mimi, nimekulia Mikindani na mjomba wangu alikuwa karani hivo hivo, kuna siku alikuwa analala juu ya magunia. Mkeo amewahi kukuuliza mizani gani inapima saa 6 usiku? Hukuandika hilo, maana hajauliza. Alikuamini. Na msimu wa mainjinia ni kiangazi, mvua zikianza mwezi wa 12 kazi za udongo zinasimama ovyo, kwahiyo wanakimbizana kabla mvua haijashuka. Msimu wake na wako umegongana, basi, hakuna uchawi hapo.

Tuje kwenye ile sentensi uliyoipenyeza mwisho kabisa. "Dada mmoja tu ndo ananielewa na kunifariji." Mwanangu barua yote ile ndefu umeiandika kwa ajili ya huyo dada. Unataka shangazi akwambie mkeo mbaya ili uende kwa huyo mfariji na moyo mweupe. Siwezi. Umemtuhumu mkeo kwamba kazungukwa na wanaume, yeye kazungukwa nao mchana kweupe wamevaa helmeti na yuko kazini, wewe mwanamke wako ni mmoja na umemficha. Kati yenu anayevunja ndoa ni wewe. Nimesema.

Na hiyo miezi 8 umeiandika kama kisingizio cha mkeo, hukujisumbua hata kuuliza huo usajili ni wa nini. Ngoja nikufafanulie. Akitoka chuo baada ya miaka 4 bado sio injinia kamili, kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi anaandikishwa kama mhandisi mhitimu. Anatakiwa afanye kazi chini ya mhandisi mwenye usajili kama miaka 3 hivi, anaandika kila alichofanya, mkubwa wake anasaini, halafu ndo anaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Na kwenye hayo maandishi wanataka kuona kazi yenyewe, udongo alioupima, zege alilosimamia, lami iliyomwagwa ikiwa na moto zaidi ya nyuzi 100 yeye kasimama pembeni. Hiyo harufu unayoilalamikia ndo masomo yake. Ukimtoa sait leo unamkata akiwa amebakiza hatua mbili afike mlangoni, na akikaa ofisini anachapa barua za watu miaka kumi ijayo hatokusamehe, hata akikaa kimya hatokusamehe. Akishapata usajili ndo milango inafunguka, TANROADS wa barabara kuu wana ofisi mkoani, TARURA wa barabara za vijijini na mijini wako mpaka wilayani, washauri na wakandarasi wanamtafuta mtu mwenye muhuri wake. Hapo ndo mnakaa chini mnaongea habari ya kurudi mjini, nae akiwa na la kuchagua.

Sasa nyie ndoa za siku hizi mnanitia uchungu, wacha niseme. Huku kusini wababu zetu walienda manamba, mashamba ya mkonge Tanga huko, mtu anaondoka mtoto yuko tumboni anarudi mtoto anachunga mbuzi, bibi zetu wakabaki wanalima na kulea na kumtunzia jina lake, na akirudi anapikiwa. Hakuna aliyeandika barua. Na kwetu Wamakonde zamani mwanaume ndo alikuwa anahamia kwa kina mke, anajenga kwao na mke, analima kwao na mke, na alikuwa mwanaume kamili hakuna aliyemcheka. Leo kijana mke wake yuko safari ya gari moja tu, Mtwara na Tandahimba, anaona ndoa imekufa. Mkigombana kidogo kesi inapelekwa kwenye grupu la familia, mama anapiga kura, dada anapiga kura, wifi anaongeza chumvi, mwenye ndoa mwenzako ndo wa mwisho kujua. Mimi nilivyochezwa unyago somo yangu alinifundisha ya chumbani yanatengenezwa chumbani, na nyie mlioenda jando najua mlifundishwa, sijui mnayasahau wapi. Mama yako namheshimu, lakini ulimwambia na habari ya huyo dada au ulimwambia ya simu tu? Mpe yote ndo umuulize tena kama una haki.

Na mkeo nae nina neno lake, moja dogo. Siku ya kumwaga zege anajua tangu asubuhi, basi atume meseji mapema, leo tunakesha baba fulani usinipigie, mtoto mbusu. Dakika moja haiharibu kazi, na kukaa gizani kunamfanya mtu aone majini. Mwambie mimi ndo nimesema.

Wewe fanya hivi. Huyo mfariji mmalize leo kwa simu, usiende kwake kuaga, ukienda kuaga hutorudi. Ile kauli ya achague kazi au ndoa kaifute mwenyewe kwa mdomo wako, sio kwa meseji, na umuombe radhi. Jumamosi ambayo sio zamu yake ya kurudi, panda gari wewe na mtoto muende Tandahimba, mpigie kwanza aombe ruhusa kambini, mbebee ming'oko na samaki wa kukaanga maana kambini wanakula wali maharage mpaka wanachoka. Muombe akuonyeshe kalvati alilolijenga, umuulize maswali, usikilize. Mtoto mvalishe viatu vya kufunika, kule chini kuna misumari.