Akiba ya ISA ya Marehemu Mume: Ni ya Mjane au ya Warithi Wote?

SWALI: Assalamu alaikum, Sheikh. Ninaishi London. Mume wangu amefariki miezi miwili iliyopita bila kuandika wasia. Ameniachia watoto watatu wadogo, wa kiume wawili na wa kike mmoja. Baba yake alishatangulia, mama yake yuko hai Mombasa. Akaunti yake ya ISA, ile akiba isiyotozwa kodi, ina pauni 51,000, na 3,000 kati ya hizo ni riba. Benki inasema nafasi yake ya akiba inakuja kwangu kama mke. Je, pesa hizi ni zangu peke yangu?

JIBU: Waalaikumu salaam warahmatullah, dada yangu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amrehemu mumeo, akupe subira katika eda yako.

Hapo pana vitu viwili, na barua ya benki imevitaja kwa pamoja: nafasi na pesa. Nafasi ni ruhusa ya serikali. Kila mtu huko ana kikomo cha pauni 20,000 kwa mwaka za kuweka katika ISA. Mjane huongezewa kiasi alichokuwa nacho marehemu, kwako pauni 51,000, hata kama pesa zenyewe zimekwenda kwa wengine. Mumeo hakuimiliki ruhusa hiyo, kwa hiyo haimo katika tarika, yaani mali aliyoiacha. Ni yako. (Dada zetu waliofungishwa nikahi bila kuisajili kiserikali hawaipati, maana sheria ya huko haiwatambui kuwa wake. Jambo hili linaniumiza kila ninapolisikia. Sajilini ndoa zenu.)

Pesa ni mirathi. Utaambiwa kwamba kwa sheria ya England mtu akifa bila wasia, mke huchukua pauni 322,000 za mwanzo, hivyo zote ni zako. Mahakamani ndivyo. Mbele ya Mwenyezi Mungu sivyo: Suratun-Nisaa, aya ya 12, imempa mke thumni, yaani sehemu moja ya nane, mume akiacha mtoto. Mke wa Saad bin Rabii, sahaba aliyeuawa katika vita vya Uhud, alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa kuwa ami wa binti zake wawili alikuwa ameichukua mali yote. Mtume akaamuru mabinti wapewe theluthi mbili, mama yao thumni, na ami kilichobaki. Hukumu ile iliwalinda wanyonge. Leo sheria imekuweka wewe mahali pa yule ami.

Zile 3,000 za riba hazirithiwi. Wape maskini kwa nia ya kujiepusha nazo, si ya kutafuta thawabu. Kisha lipa gharama za maziko na madeni. Mahari yako kama hayakumalizwa, hilo nalo ni deni, nawe ni mdai kabla hujawa mrithi. Zikibaki 48,000 kamili, wewe una 6,000. Mama mkwe wako ana sudusi, yaani sehemu moja ya sita, 8,000. Kilichobaki, 34,000, ni cha watoto: kila mvulana 13,600, msichana 6,800.

Mama mkwe anaweza kukusamehe fungu lake kwa ridhaa yake, bila kutiwa haya wala kushinikizwa. Watoto hawawezi, na wewe huwezi kusamehe kwa niaba yao. Fungu lao lifungulie akaunti zao, usilichanganye na ISA yako. Aya ya 10 ya sura hiyohiyo inasema wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao.

Ile nafasi usiiache ipotee. Waweza kuijaza kwa thumni yako na kwa pesa zako nyingine za halali, na benki za Kiislamu zilizopo Uingereza nazo zina ISA zisizo na riba. Kwa fedha taslimu una miaka mitatu tangu kifo, au siku 180 baada ya mirathi kukamilika, lolote litakalochelewa zaidi. Basi hakuna haraka ya kutia sahihi leo. Mpigie simu mama mkwe wako kwanza, umweleze hesabu yote kama nilivyokueleza.

Wallahu aalam.